Kuku ni wa Nani?

Kila penye watu wazima watatu na sahani ya kuku, maneno ni yale yale. Wa kwanza hutafuna kidogo, hutikisa kichwa na kusema kuku wa siku hizi si kuku. Wa pili huitikia kwamba ni sponji tupu. Wa tatu humkumbuka kuku wa bibi yake, ambaye mchuzi wake ulinukia mpaka nyumba ya tatu. Baada ya hapo wote watatu huimaliza sahani, hulamba vidole, na mazungumzo huhamia kwenye mpira. Nimeyasikia maneno haya harusini, matangani na ndani ya daladala za Gongo la Mboto, na kwa kweli yamenichosha. Wazee wangu hawa wanalia, lakini wanalilia kaburi lisilo na maiti. Ladha haikufa. Kilichokufa ni kitu kingine, nao hawakitaji kwa sababu hakikuwa chao.

Mimi ninakaa huku huku Gongo la Mboto, kando ya ile barabara tuliyozoea kuiita ya Pugu na ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Kwetu, kama kwa jirani zetu wa Ulongoni, Majohe na Pugu, mji na shamba havijapeana talaka. Mtu ana mwembe mmoja, migomba mitatu, chumba na sebule, na nyuma ya choo kuna banda. Alfajiri jogoo huwika na honi ya daladala humjibu. Nimeishi humu muda wa kutosha kuliona banda lile likibadilika: walio ndani yake, anayelihudumia, na anayekula faida yake. Juu ya badiliko hilo nataka kusema, ndugu msomaji, bila kumung'unya maneno.

Tuanze na hili neno "kienyeji", maana ndiyo fimbo wanayopigia wengine. Kuku si mwenyeji wa nchi hii. Ndege mwenyeji wa Afrika ni kanga, ambaye jina lake tumelivaa kiunoni na yeye mwenyewe tumemwachia pori. Babu wa kuku ni yule kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Kusini-mashariki ya Asia, ambaye hadi leo bado yupo porini. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 unasema mifupa ya zamani zaidi inayoaminika kuwa ya kuku wa kufugwa imepatikana mahali paitwapo Ban Non Wat, nchini Thailand, na umri wake ni kiasi cha miaka 3,200 hadi 3,600. Wataalamu hao wanaona kwamba kilichomtoa ndege yule msituni ni mpunga na mtama wa wakulima: nafaka iliyoanguka shambani na ghalani. Sisi tunaonyana tusimwage mtama penye kuku wengi. Ikiwa hesabu za wataalamu ni sahihi, basi yule aliyemwaga mtama penye kuku wengi ndiye aliyetupatia kuku.

Tena hakufugwa kwanza kwa ajili ya sufuria. Huko Ulaya kuku wa mwanzo walizikwa wazima wazima, mifupa yao haina alama ya kisu. Julius Caesar aliandika kwamba watu wa kisiwa cha Britania walifuga kuku kwa kujifurahisha na kwamba kwao kumla ilikuwa mwiko. Kwingine alifugwa kwa kupiganishwa, kwa kupigia ramli, na kwa sauti yake ya alfajiri. Hata sisi tuliokuwa hatuna saa tulihesabu usiku kwa jogoo la kwanza na jogoo la pili, na hadi leo mtu akicheza ngoma usiku kucha tunasema amecheza mpaka majogoo, hata kama jogoo wa karibu yuko kwenye friji.

Huku pwani aliletwa na bahari. Katika miji yetu ya kale, Unguja Ukuu ukiwa mmojawapo, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya kuku ya mwishoni mwa milenia ya kwanza. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli wenye kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Na akishafika pwani kuku hakukawia kupata jina bara. Sisi tunasema kuku, Wakikuyu ngũkũ, Wasukuma ngoko, Waganda enkoko, Wanyarwanda inkoko, Wazulu inkukhu. Lugha sita, sauti moja. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku mwenyewe alikuwa mgeni huyo, akakaa hadi kamba ikafunguliwa, akaitwa wa kienyeji. Kwa hiyo anayemtukana broila kwa kosa la kuwa mgeni, anamtukana kwa kosa ambalo kila kuku nchini analo. Wamepishana miaka ya kufika tu.

Sasa niwaulize hao wanaolilia mchuzi wa bibi: paja alikula nani?

Nilikulia katika nyumba ambamo kuku alikuwa na ramani. Firigisi ni ya baba, na ole wake mpishi aliyeipoteza. Paja ni la mgeni, na kama hakuna mgeni ni la baba tena. Wavulana wakubwa walipata mabawa na mgongo. Sisi wadogo tuligombea kichwa na miguu. Mama yangu alifuga kuku maisha yake yote, akawalinda na mwewe na kicheche, akawachinjisha, akawanyonyoa na kuwapika, na mimi sikumbuki hata siku moja kumwona akila paja. Alikula shingo, akasema anapenda shingo. Na wala nyumba yetu haikuwa ya peke yake. Buganda walikwenda mbele zaidi: mwanamke alimpika kuku, akampamba, akampiga magoti mlaji wake, na mwiko ukamkataza yeye asimwonje, na mwiko huo ulidumu hadi karne ya ishirini. Hiyo ndiyo heshima ya kuku tunayoambiwa imepotea. Ladha inayokumbukwa ni ladha ya paja. Muulizeni aliyekula shingo kama naye anaikumbuka.

Lakini mama huyo wa shingo alikuwa na kitu kimoja, na hapa ndipo penye hoja yangu yote. Hakuwa na paja, ila alikuwa na kuku. Ng'ombe walikuwa wa baba. Fedha ya pamba, ya korosho au ya kahawa ilikuwa ya baba. Shamba lilikuwa la ukoo wa baba. Kuku walikuwa wa mama. Daftari la shule, kibiriti, chumvi, mafuta ya taa, nauli ya kumpeleka mtoto hospitali usiku: kuku mmoja alitoka, shida ikaisha, na hakuna aliyeombwa ruhusa. Ilikuwa benki isiyo na fomu wala mdhamini. Koo hutaga mayai kumi hadi kumi na matano, huyaatamia siku 21, hutoka na vifaranga wake akachakura nao bila kudai mshahara. Riba yake ilikuwa vifaranga.

Sisemi benki hiyo haikufilisika. Ile methali ya kuku wa maskini, kwamba hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe, si utani. Ni taarifa ya hesabu. Na mwewe hakuwa mbaya kuliko wote. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ukiingia kijijini kiangazi huondoka na kuku wote kwa wiki moja, na mama huanza upya na koo mmoja wa kuazima. Lakini alianza. Aliweza kuanza upya kwa sababu mbegu ilikuwa mkononi mwake au mkononi mwa jirani yake. Hilo ndilo neno la kushika: mbegu. Wanaume wamempenda jogoo hata katika siasa. Kenya wamemchora kwenye nembo ya taifa akiwa na shoka, na chama cha KANU kilitawala kwa alama yake tangu 1963 hadi kiliposhindwa mwaka 2002. Chama kilichochagua alama ya koo anayeatamia sijakiona, ingawa ni yeye aliyesomesha nusu ya viongozi wake.

Broila aliingia mabandani mwetu kwa mlango wa njaa. Wanaokumbuka miaka ya 1980 wanajua mshahara wa mtumishi wa serikali ulifikia wapi: haukumaliza wiki mbili. Neno "mradi" likazaliwa upya. Mwalimu ana mradi, nesi ana mradi, karani ana mradi, na mara nyingi mradi ni kuku. Mabanda ya bati na wavu yakaota nyuma ya nyumba za Dar es Salaam, na maranda ya seremala yaliyokuwa yakitupwa yakawa na bei. Hata viongozi, ambao tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 walikatazwa mishahara miwili na nyumba za kupangisha, walilegezewa kamba kule Zanzibar mwaka 1991. Wakati huo wake zao wengi walikwisha kujua bei ya pumba. Broila hakuletwa na tamaa ya wapenda chipsi. Aliletwa na mshahara usiotosha.

Na lazima tumtendee haki. Ni yeye aliyeivunja ile ramani ya firigisi. Leo msichana anayerudi kazini Kariakoo anashuka kituoni Gongo la Mboto, ananunua chipsi na paja, anakula amesimama, na hakuna mjomba wa kumuuliza. Kwa bibi yake lilikuwa jambo lisilowezekana. Wanaotangaza kwamba broila wanalishwa dawa za kurefusha maisha ili wanenepe, nao wakiulizwa ushahidi wanasema waliambiwa, waache kuwatisha watu. Tena uvumi huu unalificha kosa la kweli, yaani kuwapa kuku viuavijasumu ovyo ovyo na kuwauza kabla siku za dawa hazijaisha mwilini. Hilo lisemwe kwa jina lake na likomeshwe. Hayo mengine ni umbea.

Unene wake una asili nyingine. Wanasayansi wa Kanada waliwafuga kwa chakula kimoja kuku wa ukoo wa mwaka 1957 na wa ukoo wa mwaka 2005. Siku ya 56 yule wa zamani alikuwa na gramu 905, na huyu wa sasa gramu 4,202. Chakula ni kile kile. Kilichobadilika ni kuku mwenyewe, kwa kuchaguliwa na kuzalishwa kizazi baada ya kizazi. Ni kazi kubwa ya akili. Lakini akili hiyo ina mwenyewe. Broila anayefugwa kwetu, awe Ross au awe Cobb, ni tunda la koo kadhaa zilizochanganywa, na koo zile za asili zinashikwa na makampuni machache sana duniani. Ukimwacha akue, ukampata jogoo na koo wake, ukaangulisha, watoto hawatakuwa kama wazazi. Kila baada ya wiki tano au sita banda likiwa tupu, unarudi kununua. Huna mbegu. Una kifaranga wa siku moja na deni.

Hapo ndipo maiti ilipo, enyi wazee wa mchuzi.

Nina jirani, mama wa watoto wanne, ambaye zamani alikuwa na kuku tisa wakizurura hadi uwanjani. Hawakumtajirisha, ila hawakumdai. Siku moja akashawishika kuingia mradi wa kisasa: vifaranga mia mbili na chakula cha mkopo kutoka duka moja. Mwezi wa kwanza alipata. Mwezi wa pili bei ya chakula ikapanda na bei ya kuku ikabaki pale pale, kwa kuwa kila banda la mtaa lilikuwa na kuku wa wiki ya tano siku ile ile. Mwezi wa tatu ulikuwa Februari, na ninyi mnalijua joto la Februari chini ya bati. Alipoteza zaidi ya hamsini katika alasiri moja. Nilimsaidia kuwafukia. Hakulia, alikaa juu ya ndoo akihesabu kwa vidole, na hesabu ilipokuwa haitoki akaanza tena. Broila hangoji bei nzuri. Kuku wa kienyeji unaweza kumwambia subiri, shule hazijafunguliwa. Huyu akipita siku yake anakula faida, kisha anakula mtaji, kisha anakufa. Mama yule amekuwa kibarua katika banda lake mwenyewe, na hajui tajiri wake anaitwa nani.

Tena mnyororo huo unapita juu ya vichwa vyetu wote. Mwishoni mwa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilikamatwa Namanga na kuteketezwa kwa moto, serikali ikieleza kwamba ni kinga dhidi ya mafua ya ndege. Wengi walibishana juu ya ukatili na juu ya ujirani mwema. Mimi niliwaza jambo jingine: tumefikaje mahali ambapo kifaranga, kitu ambacho koo yeyote chini ya uvungu wa kitanda alikitoa bila kelele kwa mamia ya miaka, ni kitu cha kuvushwa mpaka kwa magendo?

Kinyume chake, yule kuku wa mama sasa amekuwa fahari ya wenye nafasi. Kuku wa kienyeji huletwa mjini kwa matenga kutoka Singida, Dodoma na Tabora, na akifika mezani katika hoteli bei yake inamtosha maskini kwa siku tatu. Ungedhani mwenye kuku huko Singida amekuwa tajiri. La hasha. Mchuuzi anamjia mlangoni siku mtoto anaumwa, naye anauza kwa bei ya shida. Huku mjini walaji wanajisifu kwamba wao hawali broila, kana kwamba wamefanya jambo la ucha Mungu, na wachuuzi wajanja wanawauzia kuku wa mayai aliyezeeka, nyama yake ngumu, nao wanaifurahia kwa kusema huyu ndiye wa asili. Ugumu wa nyama umekuwa cheti cha utamaduni.

Na watu hao hao ndio wa kwanza kulalamika jogoo wa jirani akiwika. Kuku wa kienyeji wanamtaka sahanini, hawamtaki mtaani. Namjua mwenye nyumba aliyewaandikia wapangaji wake kwamba kufuga kuku ni marufuku, wakati yeye mwenyewe ana banda la broila mia tatu lililopakana na dirisha la mpangaji, na harufu yake ukiijua hutaisahau. Wanapenda kusema jogoo la shamba haliwiki mjini. Gongo la Mboto linawika kila siku. Wanaoziba masikio ni wao.

Basi nasema ninalotaka, maana kulaumu bila kutaka kitu ni kupiga soga. Sitaki broila afukuzwe. Nataka kila mwenye ua, na kila mpangaji, awe na haki ya kufuga kuku wachache wenye banda safi, bila kuomba kwa mwenye nyumba kama anaomba msamaha. Nataka chanjo ya mdondo iwe jambo la mtaa. Ile ya tone moja jichoni, aina ya I-2, iliyoanzia kwa watafiti wa Australia na ambayo maabara ya mifugo ya Temeke, hapa hapa Dar es Salaam, iliitengeneza, inavumilia joto kuliko chanjo za zamani na hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Chupa moja ina matone ya kuku wengi kuliko walio katika ua mmoja, na ndiyo maana mama mwenye kuku watano hainunui. Akina mama ishirini wakichanga wanaimudu bila kumsubiri bwana mifugo. Tunachangia harusi za watu tusiowajua, hili litatushinda? Nao wanaotuletea chotara, Sasso wa Ufaransa na Kuroiler wa India, wanaodonoa uani na kukua upesi kuliko wetu, tuwapokee kwa swali moja tu: je, mwakani mbegu itatoka kwangu au nitarudi kwako?

Hilo ndilo swali ningependa liulizwe penye kila sahani, badala ya ule wimbo wa sponji. Kuku wa kuchi mwenye miguu mirefu, kishingo asiye na manyoya shingoni, kibutu asiye na mkia, wote hawa walichaguliwa na kutunzwa na wanawake ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote, waliojua koo yupi analea na yupi anakanyaga mayai yake. Ile ndiyo iliyokuwa elimu, na ile ndiyo iliyokuwa mali. Anayelilia ladha atapewa ladha. Viwanda vinajua kuitia hata kwenye unga wa supu. Mama aliyekula shingo hakuwahi kulilia ladha. Yeye alitaka tu asubuhi afungue banda, ahesabu kuku wake, na wote wawe wake.